Ubao Wenye Msumari

Tangu tope la Mlima Kawetere liliposhuka Itezi mwezi Aprili 2024 na kufukia nyumba za watu, mimi sitembei tena katika jiji langu, navuka. Mvua ikinyesha navuka tope, jua likiwaka navuka vumbi, na katikati ya hayo mawili navuka ubao mmoja uliotupwa juu ya korongo, wenye msumari uliochomoza upande wa kushoto, ambao wakazi wote tunaujua kuliko tunavyozijua namba zetu za simu. Ndugu zangu wa Mbeya, nani kati yenu anakumbuka rangi halisi ya viatu vyake?

Juzi nimevuka na mfuko wa viazi begani, na kijana aliyeketi ng'ambo akanidai shilingi 200 za matengenezo. Matengenezo gani, ikiwa msumari ni uleule? Akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Huo msumari ndio unaozuia ubao usiteleze." Nikalipa. Ningefanya nini, niruke?

Na kifusi je? Ukiuliza kitaondolewa lini, unaambiwa usubiri mvua ziishe. Zikiisha, unaambiwa usubiri bajeti. Na bajeti ikipita, mawingu haya hapa tena juu ya Kawetere. Jirani yangu amechoka kusubiri. Mwaka jana alipanda mahindi juu ya kifusi hicho, akavuna, akatuchomea. Mwaka huu amepanda maharage, na yameanza kutambaa kuelekea kwenye ubao.