Vitanda Vinane, Mhudumu Mmoja wa Usiku

Wanaotetea makazi yenye vitanda vichache kwa watu wenye maradhi ya akili wana hoja nzito. Pale wanapoishi watu sita au wanane, kila mtu anajulikana. Mhudumu anajua nani hapendi kuguswa begani, na nani akiacha kuoga siku mbili ujue ugonjwa unanyemelea. Kwenye hospitali ya vitanda mia tatu, mara nyingi hayo hugundulika mgonjwa akishavunja dirisha.

Historia nayo inawabeba. Italia ilipitisha Sheria Na. 180 mwaka 1978, baada ya kazi ya daktari wa akili Franco Basaglia na wenzake mjini Trieste, na hospitali kubwa za vichaa zikaanza kufungwa. Marekani nako, daktari wa akili Loren Mosher alifungua makazi ya Soteria mwaka 1971: watu sita hivi kwa wakati mmoja, dawa kidogo, na wahudumu ambao wengi hawakuwa wauguzi wala madaktari. Kazi yao kubwa ilikuwa kukaa na mtu.

Ila udogo wenyewe hautibu. Watafiti wa Uingereza John Wing na George Brown walilinganisha hospitali tatu katika miaka ya 1960, wakaona kwamba wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyokuwepo) waliokuwa wakishinda bure ndio waliojikunyata na kunyamaza zaidi. Kushinda bure hakuhitaji jengo kubwa. Sebule moja, televisheni moja inayowaka tangu asubuhi na viti vilivyopangwa ukutani vinatosha kabisa.

Fungua daftari la dawa. Ukikuta wiki nzima imetiwa vema kwa kalamu ileile na mkono uleule, na safu ya jioni imejazwa wakati saa 6 mchana haijafika, umeshajua mengi kuhusu nyumba hiyo. Hilo si kosa la uandishi tu. Anayemeza lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, lazima apimwe damu mara kwa mara, kwa sababu dozi inayotibu na ile inayodhuru zimekaribiana. Anayetumia klozapini, dawa ya skizofrenia sugu, hupimwa chembe nyeupe za damu, na hata choo chake kinapaswa kufuatiliwa, maana kufunga choo kwa sababu ya dawa hiyo kumewahi kuua. Upole wa mhudumu ni mzuri, lakini hausomi majibu ya maabara.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni malalamiko. Kwenye taasisi kubwa, ukionewa na muuguzi wa zamu kuna wa zamu nyingine, kuna mganga mkuu, kuna ofisi. Kwenye nyumba ya watu wanane, unayemlalamikia ndiye anayepokea malalamiko, ndiye anayeshika funguo, na pengine ndiye anayetunza pesa zako na kukugawia sigara moja moja ukiwa "umetulia". Ukaribu uleule unaosifiwa ndio unaomfunga mtu mdomo.

Ndiyo maana nataka makazi haya yakaguliwe. Wenye makazi wanajibu kwamba ukaguzi ukizidi, nyumba inageuka ofisi. Hawakosei. Mhudumu anayejaza fomu nne kwa zamu anazijaza kwa muda ambao angekaa na mtu asiyepata usingizi. Lakini huo ni ukaguzi wa makaratasi. Mkaguzi anayepiga hodi saa 8 usiku bila taarifa hahitaji fomu: ataona nani yuko macho, mlango gani umefungwa kwa nje, na nani amelazwa kwa dawa ya kutuliza kwa sababu tu zamu ilikuwa na mtu mmoja.

Na aongee na wakazi wenyewe, faragha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpango wa QualityRights wa Shirika la Afya Duniani, wa kutetea haki za watu wenye maradhi ya akili, ulioanzishwa mwaka 2012, unataka hivyohivyo: wanaotumia huduma wahojiwe, wasitazamwe tu. Nimesikia watu wakisema neno la mgonjwa wa akili haliaminiki. Sikubaliani. Mtu anaweza kuamini kwamba redio inamsema yeye, na bado akawa sahihi kwamba chakula cha jioni hutolewa saa 10 ili mpishi awahi kuondoka.

Mpaka hapo nasimama na makazi madogo, mradi mlango wake uwe wazi kwa macho ya nje. Ninapokwama ni usiku. Mhudumu mmoja hawezi kumtuliza aliyepandwa na ugonjwa na wakati huohuo kumwangalia aliyesema jana kwamba amechoka kuishi. Kuweka wawili kwa wakazi mia mbili ni gharama isiyoonekana. Kuweka wawili kwa wakazi wanane kunaweza kuifunga nyumba yenyewe. Soteria ilifungwa mwaka 1983 kwa kukosa fedha. Wanaopigia debe makazi madogo huwa hawalitaji hilo, na mimi nisingempeleka ndugu yangu kabla ya kuuliza: usiku mko wangapi?