Tusiache kusafisha picha

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya Alasiri, sisi wa klabu ya wapiga picha tunakutana kwenye darasa tunaloazimwa na skuli moja hapa Mji Mkongwe. Siku nyingine tunakuwa kumi na wawili, siku nyingine tunafika ishirini. Yumo fundi cherehani, wamo wanafunzi wa chuo, yumo dada anayeuza maandazi asubuhi na kupiga picha za harusi jioni, na yumo mzee mmoja aliyefanya kazi ya studio tangu enzi za mkanda, ambaye sote tunamwita Ami. Wenye kamera hawazidi watano. Waliobaki wanapiga kwa simu, na wala hawapungukiwi na kitu.

Ninaloliandikia leo ni hoja inayorudi kila mwezi kwenye kundi letu la WhatsApp. Ya nini kukutana? Ya nini kwenda Darajani kusafisha picha, yaani kuzitoa kwenye karatasi, wakati simu iko mkononi? Tuma humu, watu waone, wapige kura, mshindi ajulikane kabla ya Magharibi. Wanaosema hivyo ni wenzangu ninaowapenda, na baadhi yao wamenizidi kipaji. Lakini naona wanakosea, na wakifuatwa klabu itakufa huku kila mtu akidhani bado ipo. Kwangu mimi klabu ni ile meza yenye picha za karatasi juu yake. Mengine yote yanaifuata meza hiyo.

Utaratibu wetu ni mwepesi. Kila mtu anakuja na picha moja tu, aliyoisafisha kwa ukubwa wa postikadi, na gharama yake haifiki bei ya bakuli la urojo. Tunaunganisha madawati, tunazipanga picha bila majina, tunazizunguka kimya kwa dakika kumi. Kisha kila picha inasemwa, na aliyeipiga haruhusiwi kujibu mpaka watu wamalize. Mara ya kwanza inauma. Mara ya tatu unaanza kuisubiri.

Mwaka juzi nilileta picha ya mzee aliyekaa barazani Mkunazini, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, bakora mapajani. Kwenye simu niliiona imekamilika. Juu ya dawati, kanzu ilipendeza, kila mkunjo unahesabika, ila pale penye uso palikuwa na doa jeusi tu. Ami aliishika kwa ncha za vidole akaipeleka dirishani.

"Huyu bwana macho yake yako wapi?"

"Yapo, Ami. Kwenye simu yanaonekana."

"Simu ina taa ndani yake, mwanangu. Karatasi haina taa. Inakuonyesha ulichokipiga."

Akanieleza kwa utulivu, na darasa zima likasikiliza. Kamera haijui kanzu wala uso. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kuchukulia kwamba ukichanganywa utatoa kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ikikutana na kanzu nyeupe juani inaona mwanga umezidi, inapunguza, na anayelipa gharama ni mwenye uso mweusi. Dawa yake ni kugusa uso kwenye kioo cha simu na kupandisha mwangaza kidogo. Kanzu ikipoteza mikunjo miwili mitatu haidhuru. Na lililo bora zaidi ni kumwomba mzee asogee kwenye kivuli cha mlango wake. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na ukuta wa mbele uliopakwa chokaa ukipigwa na jua unarudisha usoni mwanga laini ambao wenye studio wanaununua kwa fedha nyingi.

Nimeangalia video nyingi za mafunzo mtandaoni na hakuna hata moja iliyonifundisha hilo. Wengi wanaofundisha huko wanapiga watu weupe chini ya mawingu ya Ulaya. Hata filamu za rangi zilirekebishwa kwa ajili yao kwanza: kuanzia miaka ya 1950 Kodak iligawia maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ikawa ndiyo mizani. Ngozi zetu, kanzu zetu na chokaa zetu inabidi tufundishane wenyewe, na mtu hafundishiki kwa kitu asichokiona vizuri.

Picha ile ile, siku mbili kabla ya mkutano, nilikuwa nimeituma kwenye kundi. Ilipata dole kumi na nne na MashaAllah tano. Hakuna aliyenidanganya. Waliiona ikiwa na ukubwa wa kiberiti, kwa sekunde mbili, katikati ya tangazo la kiwanja na habari ya msiba. Isitoshe, usipochagua ubora wa juu, picha ya nukta milioni 12 inafika upande wa pili ikiwa na kama milioni mbili. Na kura za kundi nazijua zinakokwenda: machweo yatashinda, au vijana wa makachu wakiruka baharini pale Forodhani. Makachu nayapenda, nimeyapiga mara nyingi, na yule kijana aliyegeuka kichwa chini hewani atapendeza daima. Lakini klabu inayopiga kura kila wiki itapiga makachu mpaka mwisho wa dunia, na dada wetu wa harusi hatashinda hata siku moja.

Huyo dada ndiye anayenifanya niwe mkali zaidi kuliko wote. Kazi yake bora hairuhusiwi kutoka hadharani. Anapiga ndani, kwenye shughuli za wanawake watupu: bibi harusi anasingwa, hina inapakwa miguuni, mashangazi wamevua mabaibui wanacheza. Wenyewe wamemwamini picha hizo hazitaonwa na wanaume, na anaitunza amana hiyo. Kwenye kundi hawezi kutuma hata moja, maana picha ikishatumwa haina tena mwenyewe. Kwenye mkutano anakuja na bahasha. Wanawake wa klabu wanajitenga kwenye dawati la nyuma, anazitoa, wanazichambua kwa nusu saa, wanacheka, wanabishana kuhusu flashi na vioo, kisha zinarudi kwenye bahasha na bahasha inarudi kwenye mkoba. Sijawahi kuona hata moja na sitaona. Lakini nimeziona picha zake za nje zikibadilika mwaka hadi mwaka, na najua zilikofunzwa. Anayetaka mikutano ihamie kwenye simu anijibu kwanza: huyu atakosolewa wapi?

Kuna jambo jingine linalonikaa moyoni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu pale Forodhani, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka jengo likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili walifariki. Jengo hilo Sultani wetu Seyyid Barghash alilimaliza mwaka 1883, na hakuna mpiga picha wa mji huu, mkubwa au mdogo, ambaye hakuwahi kuligeuzia lenzi. Mimi nilikuwa nalo mara mia. Simu yenye picha hizo ilikuwa imeshakufa, na fundi niliyempelekea aliirudisha ikiwaka vizuri na ndani hamna kitu. Tukarudi kwenye kundi kutafuta tulizowahi kutumiana. Za zamani zote ziligoma kufunguka. Wenzangu kadhaa nao walikuwa wamebadilisha simu.

Iliyobaki ilikuwa moja. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameileta kwenye mkutano wa 2019, tukaikosoa, akaiacha kwenye bati la biskuti tunamotunza picha ambazo wenyewe hawazichukui. Ni asubuhi, mwanamme anafagia varanda ya chini, nguzo za chuma zinapanda nyuma yake, na kona ya juu saa inaonekana nusu. Siku ile tulimwambia amekosea kuikata saa. Sasa ndiyo picha ninayoijua kuliko zote za klabu. Nyuma yake kuna maandishi ya penseli: jina la mahali, mwezi na mwaka, kwa sababu Ami hapokei picha isiyoandikwa nyuma.

Tunasema kusafisha picha mpaka leo, ingawa mashine ya Darajani inatema karatasi kavu. Neno hili limetoka kwenye chumba cha giza, ambako karatasi ilipita kwenye dawa, ikasuuzwa kwa maji, ikaanikwa kwa vibanio kama nguo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa mjini mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kama tunazijua sura za Zanzibar ya babu zetu, mitaa yao na mavazi yao ya Idi, ni kwa sababu watu wa namna hiyo walisafisha na wakaweka. Kazi yao ilikuwa biashara, nasi ni wapenzi tu tusiolipwa, lakini wajukuu watakapotafuta Zanzibar ya leo hawatauliza nani alikuwa analipwa.

Kuhusu gharama, sizipuuzi. Wapo wanafunzi wetu ambao nauli yenyewe ni mtihani. Ndiyo maana napendekeza mchango wa mwezi ulipie picha moja ya kila mwanafunzi, na tuache kununua soda za mkutano. Maji ya kunywa yapo skuli.

Sasa niseme la Jambiani. Matembezi yetu ya kwenda kwa wakulima wa mwani hatuyapangi kwa kalenda ya ukutani, tunayapanga kwa bamvua, maana maji yasipokupwa sana mashamba hayafikiki kwa miguu. Tulikodi daladala kabla ya alfajiri. Hapa kwetu, nyuzi sita kusini mwa ikweta, jua linapanda wima, na ule mwanga laini wa asubuhi hauchukui hata nusu saa, kwa hiyo anayechelewa kufunga kiatu amekwisha kuukosa. Tuliomba ruhusa kwanza, kama ilivyo kanuni yetu. Wengi walikubali, wawili walikataa, tukashusha kamera na kuwapita kwa salamu.

Bamvua iliyofuata tulirudi wanne tukiwa na bahasha. Mama mmoja wa makamo alitoka majini, akafuta mikono kwenye kanga, akaishika picha yake pembeni kabisa ili asiilowanishe. Aliitazama muda mrefu. Akasema amepigwa picha na wageni tangu mwani ulipoanza kulimwa pwani ile, na hii ndiyo ya kwanza kuishika mkononi. Nilidhani maneno yameishia hapo. Akaikunjia uso, akaiweka karibu na macho.

"Wewe ndiye uliyepiga?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hapa sifanyi kazi, mwanangu. Hapa nafungua taitai iliyooza, natupa. Kazi ni hii."

Akachutama pale pale mchangani na kipande cha kamba, akanionyesha: taitai, kile kijikamba cha kufungia, inapitishwa chini ya kamba, kichane cha mwani kinawekwa, kinafungwa kwa kidole gumba na cha shahada, kisilegee kikachukuliwa na maji, kisikazwe kikakatika. Vidole vilikuwa vyepesi mno hata sikuvifuata. Shingo ilikuwa imeinama vingine, mabega yameshuka vingine, uso umekuwa uso wa mtu anayejenga kitu. Meza yetu nzima ya wakosoaji, pamoja na Ami, ilikuwa imeisifu picha ile kwa mwanga wake na hakuna aliyejua kwamba ndani yake mama anatupa uchafu. Aliyejua alikuwa mmoja, na asingeiona kamwe kama ingebaki kwenye simu yangu.

Picha hakuirudisha. Aliiweka ndani ya kitabu cha mjukuu wake wa skuli na kuniuliza nitakuja lini tena. Nimemwahidi bamvua ya mwezi mchanga. Nitatembea naye mpaka kwenye vigingi vya shamba lake, nisubiri mpaka aanze kufunga, na bahasha nitamletea mwezi unaofuata.