Faili la anayeanza Linux lisiwe fumbo

Mpelekee fundi wa Mwanga, hapa Kigoma, laptopu iliyochoka: jibu ni "tuipige Windows upya." Sina ugomvi na mafundi, wanauza kinachoombwa. Ugomvi wangu ni na zile Windows "nyepesi" zinazozunguka kwenye flashi, zimekatwakatwa na mtu asiyejulikana, masasisho yamezimwa, ulinzi umeng'olewa. Mwenye mashine hawezi kujua kilichotolewa, wala kilichopachikwa.

Na msimu wake ndio huu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine) na RAM ya GB 4 kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba zinakwama hapo.

Kwa hiyo nasema wanaoijua Linux, mfumo endeshi huria unaoweza kukaa badala ya Windows, wawaandalie wanaoanza faili lao la usakinishaji. Najua nitaambiwa: si apakue Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, ilivyo? Apakue kwa bando gani? Faili lenyewe linakaribia GB 3, halafu akishasakinisha yanafuata masasisho. Kibaya zaidi ni wifi. Kadi kadhaa za Broadcom zinahitaji draiva (programu ya kuendesha kifaa) isiyowashwa tangu mwanzo, na kuipata kwa kawaida unatakiwa uwe na intaneti, ambayo ungeipata kwa wifi hiyohiyo. (Unaweza kuchomeka simu kwa waya ukavuta intaneti yake, lakini anayeanza atajulia wapi?)

Kuliandaa si uchawi. Programu ya Cubic hufungua ISO (faili la usakinishaji) ya Mint au ya Ubuntu, toleo jingine la Linux, ukaingia ndani kwa terminali (dirisha la kuandika amri), ukaongeza na kuondoa, kisha ikafunga ISO mpya. Ijaribu kwenye VirtualBox, programu inayoiga kompyuta ndani ya kompyuta, kabla hujamgawia mtu. Mimi ningeweka draiva za wifi na printa, VLC, majira ya Dar es Salaam, na mwongozo mfupi wa Kiswahili pale kwenye deski. Basi. Wajuzi tuna ugonjwa wa kujaza vitu tunavyovipenda sisi: terminali za rangi, vihariri vya msimbo, mapambo. Mwalimu wa Kasulu anataka kuchapa mtihani.

Sehemu moja usiiguse: hatua ya kugawa diski. Kuna namna ya kufanya usakinishaji ujiendeshe wenyewe mwanzo hadi mwisho, na inavutia kweli. Lakini ukiiruhusu ichague diski yenyewe, picha za harusi na hesabu za duka zinaweza kufutika mwenyewe akiangalia. Hapo lazima mtu aulizwe, aonywe, abonyeze kwa mkono wake.

Usitie nenosiri la pamoja. Andika orodha ya kila ulichobadili, toa na namba ya SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe) ili mtu ahakikishe halijachezewa njiani. Leseni huria kama GPL zinakuruhusu kusambaza, ila jina ni jambo jingine: Canonical, kampuni yenye Ubuntu, hairuhusu toleo lililobadilishwa lisambazwe kwa jina la Ubuntu bila idhini yake. Lipe jina lako. Na likizeeka litengeneze upya, la sivyo unagawa mashimo ya usalama ya mwaka jana.

Programu ya Ventoy inabeba ISO kadhaa kwenye flashi moja. Faili la asili likae humohumo na lako, na mwenye laptopu achague mwenyewe.