Damu ya ufizi: tusimalizie kwenye mswaki

Shangazi yangu wa Shela, hapa Malindi, hupiga mswaki kila anapotawadha. Kijiti chake hukifunga kwenye pindo la leso, hata harusini huenda nacho. Hata hivyo, kwa karibu miaka miwili, kila aliposukutua maji yalitoka mekundu. Majirani walikuwa na majibu mawili. Wengine walisema hajui kusafisha kinywa. Wengine walisema ni kiseyeye, anywe ndimu. Alizinywa mpaka tumbo likamwaka. Mwishowe akawa anacheka huku amejiziba mdomo kwa leso, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kiseyeye chenyewe mji huu umekiona. Januari 1499 Vasco da Gama alitia nanga hapa akitoka India, baada ya karibu miezi mitatu baharini. Mabaharia kama 30 walikuwa wamekufa njiani, na waliosalia fizi ziliwavimba hata zikafunika meno wasiweze kula. Alimtuma mtu pwani akawatafutie machungwa. Ule ulikuwa ukosefu wa vitamini C. Mtu anayekula maembe, mapapai na ndimu za Malindi ni nadra kuupata. Jina tu ndilo lililobaki, tukalibandika kwa ugonjwa mwingine wa fizi.

Katika ugonjwa huo mwingine, wanaosema "ni mswaki" wana hoja nzito. Mwaka 1965, Aarhus nchini Denmark, daktari Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Hazikupita wiki tatu, wote fizi zikawa nyekundu na kuvimba. Waliporudia mswaki, zikapona. Ukoga, ule utando wa uchafu kwenye meno, ukiachwa huganda ukawa ugaga, na kwa ugaga mswaki haufui dafu tena, sharti ukwanguliwe na daktari wa meno. Hayo sibishani nayo.

Ila Löe huyohuyo ndiye aliyenifanya nitilie shaka hukumu ya majirani. Kuanzia 1970 hadi 1985 yeye na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki. Wote walikuwa na ukoga na ugaga tele. Kama ukoga ndio kila kitu, wote wangeishia pamoja. Haikuwa hivyo. Asilimia 8 ugonjwa uliwakimbilia mbio, na wakifika miaka 45 walikuwa vibogoyo. Asilimia 81 uliwaendea polepole. Asilimia 11 haukuendelea zaidi ya fizi kuvimba. Hiyo asilimia 11 nimeirudia mara nyingi kichwani: kutopiga mswaki miaka yote, na bado mfupa unaoshika meno umesimama! Utafiti haukusema tofauti hiyo ni ya sukari au ya kitu gani kimoja. Ulionyesha kwamba mwili wenye ukoga nao una neno lake.

Na mwili wa watu wetu siku hizi una mambo. Mvuta sigara hatari yake ni kama maradufu, tena nikotini hubana mishipa ya damu, hivyo fizi zake hazitoki damu sana na yeye hudhani yuko salama. Baadhi ya vidonge vya presha, kama nifedipine na amlodipine, huweza kukuza ufizi. Mimba nayo hufanya fizi zivimbe upesi. Kuhusu muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ambao Kaunti ya Kilifi iliupiga marufuku Mei 2024 kabla ya mahakama kuisimamisha amri hiyo, tafiti za fizi hazijakubaliana. Mimi naogopa zaidi sigara na soda zinazoandamana nao barazani.

Kubwa kuliko yote ni kisukari. Mwenye sukari isiyoshikika ana hatari kama mara tatu ya kupata ugonjwa mkali wa fizi, kwa kuwa kinga yake hulegea na vidonda vyake huchelewa kupona. Kisha ugonjwa huo nao huipandisha sukari. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi, kipimo chake cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa kama miezi mitatu, hushuka kwa takriban pointi 0.4, tuseme kutoka 8.4 hadi 8. Pengine utaiona ndogo. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza ulikuta kwamba kila pointi 1 ya kipimo hicho ikishuka, madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo, hupungua kwa karibu asilimia 37. Kukwangua ugaga huenda kukagusa mpaka figo.

Muuguzi mmoja rafiki yangu ana wasiwasi kwamba nikiandika hivi watu wataacha mswaki. Wasiwasi wake nauelewa. Lakini shangazi hakuwahi kuuacha. Aibu ndiyo iliyomchelewesha miaka miwili, maana nani ataka kufungua kinywa mbele ya daktari aambiwe mchafu?

Alipopimwa hatimaye, kwa sababu ya kiu na kukojoa usiku, sukari ya damu ya siku hiyo, ambayo si kile kipimo cha miezi mitatu, ilisoma 17, juu mno. Sasa huenda kliniki kila mwezi. Humpima presha, humtazama nyayo, humuuliza macho. Chumba cha meno kiko ng'ambo ya ua huohuo, hatua kama thelathini, na katika miezi saba hakuna aliyemwambia avuke.