Tumeenda kung'oa jino, dini ya nini?

Nimekasirika na nitaandika hivi hivi. Juzi nimemsindikiza mdogo wangu hospitali kung'oa jino, shavu limevimba hata kuongea ni shida, tukafika mapokezi kufungua faili. Jina, umri, namba ya simu, unakaa wapi, sawa. Dini? Akasema sina, acha wazi. Dada wa mapokezi akamjibu kaka mfumo haukubali, nisipojaza hauendi mbele, halafu wewe si Emanueli? Akambofyea Mkristo.

Mimi kanisani naenda. Mdogo wangu aliacha siku nyingi, akaja nyumbani akasema mwenyewe, mama alilia sana ila yakaisha. Ndo maana imeniuma, mtu kawaza miaka, kasema ukweli mbele ya mama yake mzazi, leo faili la jino linaandika uongo juu yake na hana pa kukataa.

Na tusiambiane habari za takwimu jamani. Sensa ya Tanzania ya 2022 imehesabu watu 61,741,120 bila kumuuliza mtu dini wala kabila, maswali hayo mara ya mwisho yalikuwepo 1967. Mwaka 2012 kuna waislamu waligomea kuhesabiwa wakitaka kipengele cha dini kirudi, serikali ikakataa, ikasema mipango ya maendeleo haiangalii dini ya mtu. Katiba ibara ya 3 inasema nchi haina dini, ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani. Sasa kama nchi nzima inapangiwa shule na maji bila hicho kipengele, jino moja linakitakia nini?

Haya, kuna suala la damu, Mashahidi wa Yehova hawaongezewi, hilo nakubali. Basi muulize mgonjwa kama anakubali damu, maana ndicho daktari anachotaka kujua.

Kabila kwenye maelezo ya polisi nalo litoke. Rwanda walilifuta kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 na sote tunajua vile vitambulisho vilifanya nini kwenye vizuizi vya barabarani.

Kule India wakili Sneha Parthibaraja wa Tirupattur, Tamil Nadu, alianza kuomba 2010 mpaka Februari 2019 ndo akapewa cheti kwamba hana dini wala tabaka la kuzaliwa (caste). Miaka tisa! Sisi hatuhitaji hata cheti. Nyie mnaotengeneza hizo programu za hospitali, toeni ile nyota nyekundu inayolazimisha kujaza kwenye dini, wekeni "sina" na "sipendi kusema", ni kazi ya mchana mmoja.