Kubana matumizi ya nguo na vipodozi: anayeamua kununua ni nani hasa?

Ushauri wa kupunguza manunuzi ya nguo na vipodozi umeenea sana miongoni mwa wanawake wa mijini, wenye mshahara na wenye biashara ndogo, na kwa kawaida huja na masharti matatu: usinunue kitu siku ile ile ulipokiona, usiingize nguo mpya kabatini kabla ya kutoa ya zamani, na usifungue chupa mpya ya losheni ile ya kwanza haijaisha. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kujiwekea mwaka mzima bila kununua cha kuvaa wala cha kujipaka. Wanaoupinga ushauri huo husema umetungwa kwa ajili ya watu wenye makabati yaliyofurika, na kwamba mwanamke anayevaa mtumba wa shilingi elfu tatu hana cha kupunguza. Hoja za pande zote mbili zina uzito, lakini zote zinachukulia kwamba anayeamua kununua ni mtu mmoja aliyesimama mbele ya nguo akiwa na pesa yake mkononi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, ambako nimechukua mifano yangu mingi, hilo ni kweli kwa sehemu tu ya matumizi yake.

Tuanze na sehemu hiyo. Sharti la kusubiri limetungwa kwa ajili ya duka lenye stoo, ambako gauni la leo litakuwepo Jumamosi ijayo, pengine kwa bei iliyopunguzwa. Kwenye masoko ya mitumba ya Karume au Tandika mambo hayaendi hivyo. Muuzaji akifungua belo asubuhi, kila nguo inayotoka ni moja, na sketi ya jinzi uliyoiacha ili utafakari usiku mmoja itakuwa imeshavaliwa na mwingine. Muuzaji anayekuambia "hiyo ipo moja tu dada, ukiiacha hupati nyingine" anasema kweli, jambo ambalo si la kawaida katika lugha ya biashara. Upekee huo, ukiunganika na bei ndogo, humfanya mtu aliyekwenda kutafuta suruali ya kazini arudi na blauzi tano zisizoendana na chochote alicho nacho. Kila moja ilikuwa rahisi, lakini jumla yake ni bei ya suruali ile ile ambayo bado hana. Mahali kama hapo uamuzi unatakiwa ufanyike kabla ya kutoka nyumbani: unatafuta nini, rangi gani, itavaliwa na nguo zipi zilizopo tayari, na noti ngapi zinaingia kwenye pochi.

Watetezi wa mitumba watasema, na wana haki, kwamba bila belo hilo wengi wasingekuwa na nguo za heshima za kwendea kazini. Hata serikali zetu zimelijua hilo kwa gharama. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019 ili kufufua viwanda vya ndani. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, ikashikilia msimamo wake, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo za nchi hiyo unafuu wa kuingia bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Majirani zake walilegeza msimamo mapema. Kwa hiyo wingi na urahisi wa nguo tunazozikuta sokoni una historia ya kisiasa, na si haki kumtaka mnunuzi mmoja mmoja abebe peke yake mzigo ambao marais walishindwa kuutua. Hata hivyo, hoja hii inatetea haki ya kununua mtumba. Haitetei ununuzi wa blauzi ya tano. Mwanamke anayepunguza idadi ya vipande na kupeleka fedha ile ile kwa fundi wa mtaani, kwa gauni moja lililokatwa kwa vipimo vyake, hajabana matumizi hata kidogo kwa maana ya shilingi, lakini amenunua vizuri zaidi na fedha imebaki mtaani kwake.

Njia ya kulipa nayo ina mchango wake. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha matokeo ya majaribio ya mnada wa tiketi za michezo, ambapo waliotakiwa kulipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hadi takribani mara mbili ya waliotakiwa kulipa taslimu. Lipa Namba, yaani kumlipa muuzaji kwa simu, si kadi ya mkopo, kwa kuwa fedha inatoka papo hapo na makato yanaonekana kwenye ujumbe wa simu, na makato hayo kwa kweli yamewahi kuwa breki nzuri kuliko ushauri wowote. Ila huduma za kukamilisha muamala wakati salio halitoshi, kama Songesha kwa upande wa Tanzania au Fuliza kwa upande wa Kenya, zimeondoa kizuizi cha mwisho kilichokuwa kikimlinda mnunuzi, yaani kuishiwa. Muuzaji wa mtandaoni anaandika "bei njoo inboksi", boda inafika mlangoni, na deni linakatwa siku mshahara ukiingia. Kama kuna mahali ambapo ningeshauri ukali usio na mjadala ni hapa: nguo isinunuliwe kwa fedha ambayo haijaingia.

Kwenye vipodozi sharti la kumaliza kilichopo kabla ya kufungua kingine lina nguvu zaidi, kwa sababu bidhaa zenyewe zinaharibika. Nyuma ya chupa au chini ya kopo huwa kuna mchoro mdogo wa kopo lililo wazi, na ndani yake au pembeni maandishi kama 6M au 12M, maana yake ni idadi ya miezi ambayo bidhaa inafaa kutumika baada ya kufunguliwa. Mtu mwenye losheni nne zilizo wazi kwa wakati mmoja, kila moja ikisoma 12M, ana mbio ambazo ngozi moja haiwezi kuzishinda. Seramu ya vitamini C ikishageuka kahawia kwa kukaa imekwisha kazi yake, hata kama chupa imejaa nusu. Hesabu ya aina hii haihitaji falsafa yoyote, inahitaji kugeuza chupa na kusoma.

Dhidi ya kujibana huko kuna hoja inayostahili kusikilizwa. Leonard Lauder wa kampuni ya Estée Lauder alitoa maelezo mwaka 2001 kwamba uchumi ukidorora mauzo ya rangi ya mdomo hupanda, kwa kuwa wanawake huahirisha vitu vikubwa na kujifariji kwa kidogo. Wachumi wamelikosoa wazo hilo kwa kuwa halijitokezi katika kila msukosuko, lakini tabia inayoelezwa inafahamika: anayejinyima rangi ya mdomo ya shilingi elfu tano kwa miezi sita anaweza kuja kununua kwa mpigo vitu ambavyo asingevigusa. Ndiyo maana mwaka mzima wa kutonunua chochote unanitia shaka. Unafanana na mfungo usio na futari.

Zipo bidhaa ambazo kuziacha halikuwa suala la bajeti tangu mwanzo. Mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku nchini, na usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Hapa ushauri wa "acha tu" una kasoro, kwa sababu ngozi iliyozoea krimu zenye steroidi inaweza kuwaka na kuvimba zikisitishwa ghafla, hivyo anayetaka kuziacha anahitaji daktari wa ngozi kabla ya daftari la matumizi.

Nywele zinatuleta kwenye upande wa pili wa swali, ambako mwenye nywele haamui peke yake. Katika bajeti ya 2019/20, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje, na kwa hatua hiyo wigi na rasta viliwekwa katika kundi moja na vitu vya anasa. Lakini mhudumu wa benki, mpokea wageni wa hoteli au mwalimu wa shule binafsi hasuki kwa anasa. Hakuna barua ya ajira inayoandika "uwe umesuka", ila anayekwenda kazini na msuko wa twende kilioni wiki tatu mfululizo ataulizwa na wenzake kama kuna msiba. Matumizi ambayo mwajiri anayadai kwa jicho bila kuyalipia yanapaswa kuhesabiwa kama gharama ya kazi, pamoja na nauli. Yanaweza kupunguzwa, kwa kuchagua mtindo unaodumu au wigi moja nzuri inayofuliwa vizuri, lakini kumwambia anayeyafanya kwamba hajitambui ni kukosea anuani.

Na niseme jambo pembeni: karibu ushauri wote wa aina hii unaelekezwa kwa wanawake. Kila msimu Simba na Yanga hutoa jezi mpya, na mashabiki, wengi wao wanaume wenye jezi ya msimu uliopita ambayo haijachakaa, hupanga foleni kuinunua. Hayo huitwa mapenzi ya klabu. Sisemi wasinunue, nasema tu kwamba kipimo cha ubadhirifu hubadilika kulingana na nani amevaa.

Kuna pia sanduku la mama. Mtu aliyejifunza kupanga kabati kwa kanuni za kigeni akikuta doti kumi na mbili za kanga ambazo hazijakatwa pindo atasema ni mlundikano, vitu visivyovaliwa. Mwenye sanduku anajua kila doti inasubiri nini: mwana wa jirani atajifungua, somo atahitaji shukrani, kutakuwa na msiba wa ghafla usiku ambao maduka yamefungwa. Hiyo ni akiba, iliyonunuliwa pole pole na isiyopitwa na fasheni kwa kasi. Kanuni ya "ingiza moja toa moja" haina cha kufanya ndani ya sanduku hilo.

Mzigo mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni sare za sherehe, na ndiyo sehemu ambayo washauri wa kujibana huigusa kwa uchache kabisa. Kicheni pati, sendofu, harusi, ubarikio, hata siku ya kuvunja kikoba, ambacho kilianzishwa ili watu waweke akiba: kila moja ina kundi lake la WhatsApp, na katika kila kundi siku moja hutumwa picha ya kitambaa, bei yake, na namba ya kutuma fedha. Tuchukue mfano wa kukadiria, kitambaa shilingi 35,000 na mshono 30,000. Sherehe tatu katika msimu mmoja ni shilingi 195,000 kwa nguo tu, kabla ya mchango, zawadi, nywele na usafiri. Hakuna hata moja kati ya nguo hizo iliyotamaniwa dukani. Na kwa kuwa kila mtu anaijua sare ya kina fulani, lesi ile haivaliki tena kwenye shughuli nyingine ya ukoo huo huo, na hubaki imening'inia ikiwa imevaliwa kwa muda wa saa sita tu.

Watetezi wa sare hawakosi la kusema. Sare humficha asiye nacho, kwa maana ukumbi mzima ukivaa kitambaa kimoja, tofauti ya kipato haionekani kwa urahisi kama ambavyo ingeonekana kila mtu akija na lake. Huwapa mafundi kazi ya uhakika katika msimu wa harusi. Huonyesha pia nani amesimama na nani, na siku nyingine wewe ndiye utakayehitaji watu wa kusimama nawe. Anayekataa sare kwa kisingizio cha kubana matumizi hatakumbukwa kwa nidhamu yake ya fedha. Atakumbukwa kama mtu aliyejitenga, na katika mji ambao mgonjwa husafirishwa kwa michango, kujitenga kuna gharama isiyoandikwa kwenye daftari.

Ndiyo maana naona kwamba hapa upunguzaji hauwezi kufanywa na mtu mmoja kwa utashi wake. Unafanywa kwenye kikao, na wenye sauti ni mama wa bibi harusi, shangazi na mwenyekiti wa kamati. Zipo kamati ambazo siku hizi hutaja rangi badala ya kitambaa, ili mwenye gauni la kijani aje nalo, na asiye nalo anunue kilemba tu. Nyingine huchagua kitenge badala ya lesi, kwa sababu kitenge kitavaliwa kanisani au ofisini siku ya Ijumaa bila mtu kuuliza. Mtu aliye ndani ya kamati anaweza kupendekeza mojawapo bila kumvunjia heshima mwenye shughuli, mradi aseme mapema, kabla picha ya kitambaa haijatumwa.

Kizuizi kimoja kinabaki, na ni cha kifedha. Katika shughuli nyingi kitambaa hununuliwa kwa jumla Kariakoo na kuuzwa kwa waalikwa kwa bei ya juu kidogo, na faida hiyo huingia kwenye bajeti ya ukumbi na chakula. Kamati inayoacha kuuza sare imejikatia chanzo cha mapato, na italazimika ama kupandisha kiwango cha mchango ama kupunguza idadi ya meza. Naona la kwanza lina nafuu kwa mwalikwa, kwa kuwa angalau fedha yake yote itafika kwenye shughuli bila kupitia kwenye nguo ya kuvaa mara moja, lakini mwenyekiti wa kamati aliyezoea kuifunga hesabu kwa faida ya vitambaa atakuwa na sababu nzuri ya kubisha.