Jembe Lisiwe Fimbo

Muulize mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania anakumbuka nini kuhusu shamba la shule. Wengi hawatataja mahindi. Watakusimulia walivyochelewa namba, mwalimu wa zamu akawapimia kipande cha kulima wenzao wakiwa darasani. Umepiga kelele? Kang'oe kisiki. Hukuja na kidumu cha maji? Kafyeke nyasi nyuma ya vyoo. Halafu vijana wakikikimbia kilimo tunaitisha semina hotelini kutafuta sababu.

Sababu haiko mbali. Mtoto aliyefundishwa miaka saba kwamba jembe ni la waliokosa, akimaliza shule atalikwepa.

Wapo watakaosema hayo ndiyo Elimu ya Kujitegemea. Siyo. Katika waraka wake wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijilimie na zijizalishie, ndiyo, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, na waone kazi yao inavyoboresha maisha yao pale pale shuleni. Kulima tukakuchukua, kuamua tukakuacha kwenye makaratasi. Tukabaki na shamba ambalo mwanafunzi analima, anapalilia na kuvuna, na gunia likiondoka haambiwi limekwenda wapi. (Anajua lakini. Watoto wanajua vizuri gunia limebebwa na baiskeli ya nani.)

Ningekuwa na sauti kwenye kamati ya shule, ningeliacha hilo shamba la ekari na kuanza na matuta. Tuta moja kwa watoto wachache, na wao ndio waamue wapande nini. Ningewashawishi waanze na mchicha, kwa sababu mtoto hana subira ya kungoja mahindi miezi mitatu au minne, na mchicha ndani ya wiki tatu au nne unaliwa. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo mkulima huzichanganya na mchanga mkavu ndipo azisie. Kundi litakalopuuza hilo litaona miche imesongamana, myembamba, ya njano, huku ya jirani imenawiri. Mwalimu hapo hana haja ya kusema neno. Tuta linalofuata litasiwa sawasawa.

Fedha pia si kisingizio. Matembele hayahitaji hata mbegu: unaomba vipande vya mche kwa jirani, unachomeka, unamwagilia. Samadi iko kwa yeyote mwenye ng'ombe au mbuzi. Vidukari wakivamia, majivu ya jikoni ya shule yanasaidia. Na shule za Dar es Salaam ambazo uwanja wote ni saruji, viroba vya mchanga, matairi na ndoo zilizotoboka zinaotesha mboga vizuri kabisa.

Lakini jambo kubwa kwangu ni kula. Mboga iliyolimwa na watoto iingie kwenye sufuria ya watoto, iliwe na makande siku hiyo hiyo, au wagawane mafungu wapeleke nyumbani. Mpwa wangu, ambaye mboga za majani huzisukumia pembeni mwa sahani, siku moja alirudi na fungu la mchicha wa shuleni akasimama jikoni kusimamia linavyopikwa. Alikula, akatuhesabia na sisi kama tumekula.

Wazazi wanaosema "sikumpeleka mwanangu shule akalime" nawaelewa. Kama mtoto anatolewa kwenye hesabu kwenda kupalilia shamba la mwalimu, wapige kelele, na mimi nitapiga nao. Kipindi kimoja kwa wiki cha kupima tuta, kuhesabu miche na kuandika imeota lini ni jambo jingine, hicho ni kipindi cha hesabu na sayansi chenye udongo kidogo. Wenzetu Kenya walizindua upya vilabu vya 4-K mwaka 2021, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na kinachonivutia ni hilo neno klabu. Mtoto anajiunga, hahukumiwi kwenda.

Kuna tatizo moja ambalo hata shule zenye nia njema huliangukia: likizo. Juni shule inafungwa, hakuna wa kumwagilia, mbuzi wanaingia, na Julai watoto wanakuta vumbi. Dawa ni kupanga kupanda ili mchicha uvunwe kabla ya kufunga, na kuacha ardhini vinavyovumilia, kama matembele na mipapai. Kinachobaki wapewe watoto wanaoishi karibu na shule, kwa sharti moja tu: anayemwagilia likizo ndiye anayevuna likizo. Mwalimu mkuu akirudi akakuta tuta limekatwa lote, asiulize.